Pato Limepanda, Mkaa Nao Umepanda



Yako maneno yaliyozoeleka sana katika vitabu vya uchumi, nayo yamefundishwa vyuoni kwa muda mrefu hata yakafanana na kanuni ya hesabu. Maneno hayo husema kwamba watu maskini hupikia kuni. Wakianza kuinuka huingia katika mkaa na mafuta ya taa. Na wakisha kuinuka huviacha vyote hivyo wakashika gesi na umeme. Wataalamu huiita hali hiyo ngazi ya nishati. Mwenye kuiamini ngazi hiyo hana budi kuamini pia kwamba kazi ya Serikali ni moja tu, yaani kukuza pato la taifa, na kwamba mambo ya jikoni yatajirekebisha yenyewe kadiri fedha inavyoongezeka mifukoni.

Mazungumzo haya yamekusudiwa kuipima ngazi hiyo kwa mambo yaliyotokea Tanzania, na hasa katika jiji la Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2001 na 2007 uchumi wa nchi ulikuwa unakua kwa kiasi cha asilimia 7 hivi kwa mwaka, na Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele katika kukua huko. Majengo yaliota, magari yaliongezeka, simu za mkononi zilienea. Katika kipindi hicho hicho, kaya za jiji zilizotegemea mkaa kwa kupikia zilipanda kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71, kama ulivyoeleza uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2009. Kaya zilizotumia gesi zilipungua. Kwa maneno mengine, jiji lilikuwa linapanda katika pato na papo hapo linashuka katika ngazi. Jambo hilo halipatani na kitabu, na pale ambapo kitabu na nchi havipatani, si nchi inayopaswa kusahihishwa.

Lakini kabla ya kurudi Dar es Salaam, yafaa kueleza kwanza kinachotokea kwa kawaida uchumi unapokua. Mkulima aliyekuwa akitwanga kwa mchi hupeleka mahindi mashineni. Nyumba ya miti na udongo huondoka, ikaja ya tofali na bati, na saruji yake haikuchomwa kwa jua, bali katika matanuri makubwa yenye kula makaa ya mawe au gesi usiku na mchana. Mzigo uliobebwa kichwani hupanda lori. Kila hatua ya namna hiyo huongeza nishati inayotumika, wala hapana nchi yoyote duniani iliyojenga barabara, viwanda na shule zake bila kupitia huko. Mtu anayezishauri nchi zinazoendelea zikue bila kuongeza nishati huwa amekwisha kujenga kwake.

Hata hivyo, kiasi cha ongezeko hilo hakifanani kila mahali. Uingereza leo inatumia nishati ndogo kuliko ilivyotumia mwaka 1970, ingawa pato lake limekwisha kuzidi maradufu tangu wakati huo. Sehemu ya sababu ni mitambo bora na nyumba zinazohifadhi joto. Sehemu nyingine, ambayo haitajwi sana katika mikutano ya kimataifa, ni kwamba viwanda vingi vya chuma na nguo vya nchi hiyo vilifungwa, na bidhaa zake zikaanza kutengenezwa Asia na kurudishwa kwa meli. Moshi wake haukuisha wote. Kiasi fulani ulihama.

China nayo ina fundisho lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa nchi hiyo walijiwekea shabaha ya kuongeza pato mara nne ifikapo mwaka 2000, huku matumizi ya nishati yakiongezeka mara mbili tu. Katika miaka ishirini iliyofuata pato lilipita shabaha hiyo, na nishati iliongezeka kwa mwendo ulio mdogo sana kuliko wa pato, kwa sababu mitambo mikuukuu iliondolewa na upotevu viwandani ukapigwa vita. Halafu, baada ya mwaka 2001, viwanda vya chuma na saruji vilipopanuliwa kwa kishindo, nishati ikaanza kukimbia mbele ya pato kwa miaka kadhaa. Nchi ni ile ile na Chama tawala ni kile kile. Kilichobadilika ni aina ya kukua. Hivyo ni dhahiri kwamba swali la kwamba uchumi umekua kwa asilimia ngapi haliwezi peke yake kujibu swali la kwamba nishati itaongezeka kwa kiasi gani, wala itakuwa nishati ya namna gani.

Liko jambo jingine ambalo hupotosha hesabu, nalo walimu wa hisabati na jiografia watalielewa upesi. Kwa miongo mingi kuni na mkaa vimekuwa zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote inayotumika Tanzania. Lakini kuni aliyoiokota mama wa Kondoa haina risiti, haikupita forodhani, wala haikulipiwa ushuru. Vitabu vya biashara haviioni. Mama huyo akihamia katika gesi, kitabu huandika kwamba matumizi ya nishati yameongezeka, kwa kuwa mtungi wa gesi una risiti. Kwa kweli huenda yamepungua, tena sana. Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa mno ya moto wake hewani. Kiasi cha sehemu moja tu katika kumi, au zaidi kidogo, ndicho kinachoingia chunguni. Gesi hupeleka zaidi ya nusu. Kwa hiyo takwimu inaweza kupanda huku upotevu unashuka, na anayesoma takwimu bila kujua jiko lilivyo atafikiri nchi imekuwa badhirifu kumbe imekuwa na akiba. Mgongo wa huyo mama, ambao ulibeba mzigo wa kuni kwa mwendo wa saa nzima au zaidi, haukuwahi kuandikwa katika kitabu chochote.

Tanzania ilipopata Uhuru ilikuwa na umeme mdogo sana, uliozunguka miji michache na mashamba ya mkonge. Mitambo ya Hale katika mto Pangani, yenye megawati 21, ilianza mwaka 1964. Bwawa la Nyumba ya Mungu likafuata na megawati 8. Hatua kubwa hasa ilikuwa Kidatu katika mto Ruaha Mkuu, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1975 na kufikia megawati 204 mwaka 1980. Umeme huo ulijengwa kwa ajili ya viwanda. Viwanda vya nguo, sukari, saruji na viatu ndivyo vilivyokuwa vinangojewa, na nguzo zilifuata viwanda hivyo.

Kwa upande wa mafuta, kiwanda cha kusafishia cha TIPER kilifunguliwa Kigamboni mwaka 1966, na bomba la TAZAMA la kwenda Zambia likakamilika mwaka 1968. Kisha ikaja misukosuko ya bei. Mwaka 1973 na 1974 bei ya pipa la mafuta katika soko la dunia ilipanda karibu mara nne, na mwaka 1979 ikapanda tena. Nchi iliyokuwa ikiuza kahawa, pamba na mkonge kwa bei isiyopanda ilijikuta mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikitoa yapata nusu ya fedha zake za kigeni kwa ajili ya mafuta peke yake. Wanaoikumbuka miaka hiyo wanaikumbuka amri ya kutoendesha magari ya binafsi siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana, na mistari mirefu ya magari vituoni. Uhusiano wa pato na nishati ulionekana hapo kwa upande wake wa pili, ambao vitabu huupita haraka. Si kwamba kukua kwa uchumi huongeza nishati tu. Nishati ikiwa ghali, uchumi wenyewe hukwama. Malori hayakwenda kuchukua pamba vijijini, na pamba isiyochukuliwa haikuweza kununua mafuta ya malori.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, yaani katikati ya dhiki hiyo. Ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Miaka 30 ilipita kati ya kuiona na kuiwasha, na hapana haja ya kuongeza neno juu ya hilo. Mabwawa nayo yalikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa mvua haisomi mipango ya maendeleo. Ukame wa mwaka 2006 uliishusha Mtera, na mgao wa umeme ukawa mkali sana. Wenye viwanda walinunua majenereta ya dizeli, mafundi wa kuchomelea walilala mchana wakafanya kazi usiku wa manane umeme ulipopatikana, na Serikali ikaingia katika mikataba ya umeme wa dharura iliyokuwa na gharama kubwa.

Sasa yafaa kuvuka mto Ruvuma kidogo, kwa sababu jirani ana mfano ulio wazi kuliko mwingine wowote wa jinsi takwimu za taifa zima zinavyoweza kuficha hali ya wananchi wake. Bwawa la Cahora Bassa katika mto Zambezi, lenye uwezo wa megawati 2,075, lilijengwa na Wareno katika miaka ya mwisho ya utawala wao, kwa shabaha ya kupeleka umeme Afrika Kusini. Vita vya miaka ya 1980 vilizivunja nyaya zake. Msumbiji ilipata sehemu kubwa ya umilikaji wa bwawa hilo mwaka 2007 tu. Mwaka 2000 kiwanda cha kuyeyusha alumini cha Mozal kilifunguliwa karibu na Maputo, na kwa miaka mingi kiwanda hicho kimoja kilitumia umeme mwingi kuliko matumizi ya nchi nzima iliyobaki. Pato la taifa lilipanda. Matumizi ya umeme kwa kila mtu, yakigawanywa kitakwimu, yalipanda kwa kasi ya kushangaza. Lakini vijijini, pamoja na vile vilivyo kando ya Zambezi yenyewe, jioni iliingia na kibatari kama ilivyoingia kabla ya hapo. Alumini ilipanda meli. Hapana ubaya katika kiwanda cha alumini, ila ni kosa kukiita wananchi.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo Dar es Salaam inaporudi. Mwaka 1967 jiji hilo lilikuwa na watu wapatao 270,000. Katika Sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu milioni 5.4. Wengi wao walikuja, au wazazi wao walikuja, kwa sababu kukua kwa uchumi kuliwaita. Aliyekuwa akiokota kuni Lushoto au Kilosa hawezi kuokota kuni Manzese. Hana budi kununua, na katika vitu vya kununua mkaa una sifa moja inayoushinda umeme na gesi: huuzwa kwa kopo. Anayepata fedha yake kwa siku hununua moto wake kwa siku. Mwenye genge akiuza leo atapika leo, na asipouza atakopa kopo moja kwa jirani. Kwa kilo, mkaa wa kopo ni ghali kuliko mkaa wa gunia, na huenda kwa mwezi mzima ukaizidi gesi yenyewe; lakini gesi yataka jiko, mtungi, na fedha ya kujaza mtungi mzima kwa mara moja. Maskini hulipa zaidi kwa sababu hana fedha ya kulipa kidogo. Hii si hesabu ya ujinga, kama wanavyosema watu walioshiba. Ni hesabu ya mtu ambaye mshahara wake hauji mwisho wa mwezi.

Tena kula kwa jiji ni kwingi na kwa namna nyingi. Uchumi ulipokua waliongezeka mama lishe wanaopikia wajenzi wa majengo, wakaanga chipsi, wachoma nyama, na mabaa. Wote hao walitumia mkaa kwa magunia. Jengo la ghorofa kumi lililoandikwa katika pato la taifa lilijengwa na vibarua waliokula wali na maharage yaliyochemshwa kwa mkaa kando ya uzio wake. Kwa hiyo ukuaji wenyewe ndio ulioununua mkaa. Wala wenye kipato cha kati hawakuuacha. Katika nyumba nyingi za watumishi gesi ipo kwa ajili ya chai ya asubuhi na kupasha viporo, na jiko la mkaa lipo uani kwa ajili ya maharage na makande. Ngazi ya vitabuni humtaka mtu aondoke katika kipago kimoja ndipo akanyage kingine. Katika hali halisi watu husimama juu ya vipago vitatu kwa wakati mmoja, wala si kwa kukosa elimu, bali kwa sababu umeme hukatika, gesi huisha usiku, na bei hubadilika.

Serikali nayo imewahi kuongeza uzito upande huo bila kukusudia. Mwanzoni mwa mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku kwa nia njema ya kuokoa misitu. Marufuku hiyo haikudumu, maana jiji haliwezi kuacha kupika kwa kungoja mbadala ambao haujaletwa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa sana ili ikaribiane na ya dizeli. Sababu ilikuwa ya haki: wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichakachua dizeli kwa mafuta ya taa na kuharibu injini za watu. Lakini mafuta ya taa yalikuwa pia moto wa jikoni wa watu wengi wa mjini, na aliyeacha jiko la utambi hakupanda kwenda kwenye umeme. Alishuka kwenda kwenye mkaa. Uamuzi wa kodi ya mafuta ukawa uamuzi wa misitu, ingawa huenda hapana mtu wa misitu aliyeulizwa.

Upande wa pili wa gunia la mkaa uko Pwani, Morogoro, Tanga na mbali zaidi. Mchoma mkaa hukata miti, huipanga, huifunika kwa nyasi na udongo, kisha huiwasha na kuilinda kwa siku nyingi asije moto ukapasua tanuri. Kwa matanuri ya kawaida ya udongo, tani 10 za magogo hutoa tani moja au mbili za mkaa. Sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwamo ndani ya mti huondoka na moshi kabla gunia halijafika barabarani. Kwa hiyo familia inayohama kutoka kuni kwenda mkaa huonekana imepanda kipago, lakini msitu unaokatwa kwa ajili yake ni mkubwa kuliko hapo awali. Ni kweli kwamba katika kupotea kwa misitu, ambako kumekadiriwa kuwa zaidi ya hekta 400,000 kwa mwaka, mashamba mapya ndiyo yanayoongoza; si haki kumtwisha mchoma mkaa dhambi zote. Lakini mashamba na mkaa hufuatana. Na faida kubwa ya gunia haibaki kwa mtu aliyevuta moshi wake.

Nchi sasa imefika mahali ambapo kisingizio cha upungufu wa umeme kimeondoka kwa kiasi kikubwa. Wazo la kuliziba korongo la mto Rufiji ni la zamani. Mamlaka ya bonde hilo, RUBADA, iliundwa mwaka 1975. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 2018, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukawashwa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ikakamilika. Uwezo wa mitambo yote ya nchi ukapita megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa ya gridi yalikuwa yanazunguka nusu ya kiasi hicho. Mwezi Machi 2024, mvua zikiwa nyingi na mtambo wa kwanza ukiwa umewashwa, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Watu waliokuwa wakinung'unikia mgao miezi michache tu kabla ya hapo waliambiwa kwamba umeme umekuwa mwingi mno. Habari hiyo ilichekesha wengi, lakini yafaa kuitafakari, kwa maana usiku huo huo ambao mitambo ilikuwa imezimwa kwa kukosa mtumiaji, mamilioni ya majiko ya mkaa na mafiga yalikuwa yanawaka katika nchi hiyo hiyo.

Matumizi ya umeme ya Mtanzania mmoja, kwa wastani, hayafiki uniti 200 kwa mwaka. Wastani wa dunia ni zaidi ya uniti 3,000. Jokofu moja la kawaida la nyumbani huweza kutumia uniti 300 au zaidi kwa mwaka. Hivyo jokofu la Dar es Salaam linakula umeme kuliko mwananchi wa Tandahimba. Tena hali hiyo imebaki ingawa Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umefanya kazi ambayo haina budi kusifiwa: nguzo zimefikishwa karibu katika vijiji vyote 12,318, na kazi imegeukia vitongoji. Gharama ya kuunganishiwa kijijini imewekwa kuwa shilingi 27,000. Anayetumia umeme mdogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Hiyo ni bei ya huruma, nayo imewaingiza watu wengi katika nuru.

Lakini iangaliwe vizuri hiyo alama ya uniti 75. Inatosha taa, redio, televisheni na simu. Mtu akianza kupika kwa jiko la umeme la koili, maharage ya familia kila siku na ugali wa kila jioni, ataivuka. Na akiivuka huondoka katika bei ya shilingi 100 na kuingia katika bei iliyo zaidi ya maradufu. Kwa hiyo bei iliyokusudiwa kumsaidia maskini humwambia pia, kimya kimya: washa taa, lakini usipike. Naye husikia. Ndiyo maana nguzo inaweza kusimama mlangoni miaka kumi na mkaa ukaendelea kununuliwa chini yake.

Viko vyombo vinavyoweza kuibadili hesabu hiyo. Sufuria ya umeme inayopika kwa mvuke wenye shinikizo huivisha kilo ya maharage kwa umeme usiofika uniti moja, na taa za siku hizi zenye wati 9 hutoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Nchi inayokua leo haina haja ya kupita kila shimo ambalo Manchester ilipita. Shida ni kwamba sufuria hiyo hulipiwa siku moja, na mkaa hulipiwa siku mia tatu. Luku imekwisha kuwafundisha wananchi kununua umeme kwa kiasi kidogo kidogo, kama kopo; bado vyombo vyenyewe havijapata kopo lake, yaani utaratibu wa kuvilipia polepole kupitia bili ile ile ya umeme.

Juu ya gesi yapo maneno ambayo walimu huulizwa mara kwa mara na wanafunzi, na wazazi wao pia: kwa nini mtungi ni ghali na hali gesi ya Mtwara na Songo Songo ni ya nchi? Jibu ni kwamba hizo ni gesi mbili mbalimbali. Ya Mtwara na Songo Songo ni nyepesi, husafiri kwa bomba, na haikubali kugeuzwa maji kwa urahisi ndani ya mtungi wa kawaida. Ya mtungi ni nzito zaidi, na hutoka ng'ambo kwa meli. Hivyo kila mtungi unaochukua mahali pa gunia la mkaa huokoa miti lakini hudai fedha za kigeni, na waliosimama katika mistari ya mafuta mwaka 1980 wana haki ya kuliuliza hilo. Nchi inayotaka kupikia gesi ya mtungi peke yake itakuwa imeihamisha Jumapili ya saa nane mchana kutoka barabarani na kuileta jikoni. Umeme wa Rufiji hauna deni hilo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024, umeweka shabaha ya asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Miaka hiyo ni michache. Kama pato likikua kwa kasi ile ile ya miaka ya 2001 hadi 2007, na bei ya uniti, kodi ya mafuta na utaratibu wa mikopo ya majiko vikibaki bila kupangwa pamoja, hapana sababu ya kutegemea matokeo tofauti na ya miaka ile, maana kukua kwenyewe hakuchagui jiko.

Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo imekwisha kuwaangukia watu walio katika ukumbi huu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, yaani shule za bweni, vyuo, hospitali na magereza, zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Agizo ni zuri. Lakini mkuu wa shule aliyezoea kuagiza kuni kwa lori, na wakati mwingine, tuseme kweli, kuwaagiza wanafunzi waje na mzigo kila Jumatatu, hawezi kununua jiko la gesi au masufuria makubwa ya umeme kwa fedha ya matumizi ya mwezi. Jiko ni mali ya kudumu, na mali ya kudumu huwekwa katika makadirio ya halmashauri kabla mwaka wa fedha haujaanza mwezi Julai. Afisa elimu asiyeiandika, na mweka hazina anayeifuta ili kupunguza jumla, watakuwa wamekwisha kuamua shule ile itapikia nini mwaka mzima. Mkaguzi atakapokuja atakuta agizo limebandikwa ukutani ofisini, na moshi unatoka nyuma ya bweni.